Ukiumia kazini na shemeji akakulipia hospitali, nani atamrudishia?

Dada mmoja kutoka sehemu za ndani za kaunti ya Kilifi alitupigia simu katika kipindi cha asubuhi, na swali lake lilitunyamazisha kidogo studioni. Hakuuliza kuhusu fidia ya shemeji yake aliyekatwa vidole vitatu na mashine ya kupasulia mawe. Fidia hiyo, alisema, inashughulikiwa. Aliuliza hivi: "Na mimi niliyelipa hospitali, pesa zangu nazidai kwa nani?"

Tulimwomba atueleze polepole. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa kibarua kwenye machimbo ya mawe ya kujengea. Siku ya ajali nyapara alimfunga mkono kwa fulana, akampakia kwenye bodaboda hadi zahanati. Zahanati ikasema hapa hapatoshi, nendeni hospitali kubwa. Gari la kukodi likachukua shilingi 3,500. Hospitalini wakaambiwa watangulize 30,000 kabla ya upasuaji, na simu ya mwenye machimbo ilikuwa haipatikani.

Dada huyu ni mweka hazina wa chama cha akina mama kijijini kwao. Saa nne usiku aliwapigia wenzake wawili, wakakubali akopeshwe hizo 30,000 kutoka kwenye pesa za chama. Dawa ambazo hospitali haikuwa nazo zilinunuliwa nje kwa 4,250. Siku ya kuruhusiwa kulikuwa na deni la 18,400, wakauzwa mbuzi watatu. Ukijumlisha yote ni shilingi 56,150. Mwenye machimbo alipopatikana alituma 5,000 kwa simu, pamoja na ujumbe wa pole.

Miezi minne baadaye dada alikwenda kumwona ana kwa ana. Jibu alilopewa alitusomea kama alivyolikariri: "Mama, mimi sikukuajiri wewe. Kijana akipata fidia yake atakurudishia mwenyewe."

Tangu simu ile tumezungumza na wasikilizaji wengine, tumeisoma sheria yenyewe, na tumegundua kwamba jibu la yule mwajiri linatolewa mara nyingi sana huku kwetu. Linasikika kama jibu la haki. Si la haki, na hapa chini tunaeleza kwa nini.

Mifuko miwili isiyochanganywa

Sheria inayohusika ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi wanaiita WIBA. Kila mwajiri nchini Kenya anatakiwa na sheria hiyo kukata bima kwa ajili ya wafanyakazi wake, na mfanyakazi anayeumia kazini au kwa sababu ya kazi ana haki ya kulipwa bila kulazimika kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Vibarua wasidhani wameachwa nje. Sheria inazungumzia mtu aliyeajiriwa kwa ujira chini ya mkataba wa kazi, na mkataba wa kazi kwa sheria zetu unaweza kuwa wa mdomo.

Sasa, malipo yenyewe si kitu kimoja. Yapo malipo ya kipindi ambacho mtu hawezi kufanya kazi, ambayo yanaweza kuendelea hadi miezi 12. Ipo fidia ya ulemavu wa kudumu, ambayo hukokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96 na asilimia ya ulemavu aliyoandika daktari. Na zipo gharama za matibabu, ambazo zina kifungu chao peke yao, cha 47.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kibarua anayepata shilingi 15,000 kwa mwezi, akapimwa na kuonekana ana ulemavu wa asilimia 10. Mara 96 ni 1,440,000, na asilimia 10 yake ni 144,000. Pesa hiyo ni ya mkono wake. Ni malipo ya vidole ambavyo hatavipata tena, na ya kazi ambazo hataweza kuzifanya maisha yake yote. Gharama za hospitali si sehemu ya hiyo 144,000. Mwajiri anatakiwa kuzilipa kando.

Kwa hiyo mwajiri anaposema "kijana akipata fidia atakurudishia", anachofanya ni kuuchota mfuko wa vidole ili kuujaza mfuko wa hospitali. Kijana atabaki na 144,000 kutoa 56,150, yaani 87,850, na mwajiri atakuwa ameokoa gharama zote za matibabu bila kelele. Hakuna aliyeibiwa mbele ya macho ya watu. Ndugu wamelipana wenyewe kwa wenyewe.

Sheria yenyewe inailinda fidia kwa namna ambayo wengi hawaijui. Fidia ya WIBA haiwezi kuwekwa rehani, haiwezi kukamatwa kwa amri ya kudai deni, wala haiwezi kukatwa ili kufidia deni analodaiwa mfanyakazi. Hii ina pande mbili. Mwajiri hawezi kuikata akasema alishalipa hospitali. Lakini pia yule dada, pamoja na wema wake wote, hawezi kwenda mahali popote akaidai fidia ya shemeji yake kwa nguvu. Njia yake iko kwenye gharama za matibabu tu. Akiikosa hapo, amebaki na shukrani za kijana.

Neno moja ndani ya kifungu

Hapa ndipo tulipokwama sisi wenyewe, na tunaomba msikilizaji asome taratibu.

Kifungu cha 47 kinasema mwajiri atalipa gharama za kiasi zilizotumiwa na mfanyakazi kutokana na ajali ya kazini: matibabu, upasuaji, kulazwa, uuguzi, dawa, magongo, viungo bandia na kadhalika. Zilizotumiwa na nani? Na mfanyakazi. Kifungu hakimtaji shemeji, hakikitaji chama, wala kanisa lililopitisha kikapu, wala mwalimu mkuu aliyetoa gari lake.

Aliyeandika sheria ile, kwa maoni yetu, alikuwa na picha ya mtu anayeumia, anaingia mkono mfukoni, analipa, kisha anapeleka risiti kwa mwajiri. Mtu huyo huku kwetu hayupo. Kibarua wa machimbo, wa mashamba ya mkonge, wa mashamba ya chumvi kule Gongoni, siku anayoumia mfukoni ana nauli ya kurudi nyumbani. Anayelipa ni mtu mwingine karibu kila mara. Tumwite mlipaji wa tatu: wa kwanza ni mgonjwa mwenyewe, wa pili ni mwajiri mwenye wajibu, wa tatu ni yeyote mwingine aliyetoa pesa. Katika nchi tajiri mlipaji wa tatu huwa ni kampuni kubwa ya bima yenye mawakili. Kwetu ni mama mwenye mbuzi.

Je, mama mwenye mbuzi amepoteza? Hapana. Mfanyakazi akikopeshwa pesa akalipia matibabu yake, gharama hiyo ni yake, maana anadaiwa. Haijalishi pesa ilitoka kwenye simu ya nani. Kinachogomba ni kuonyesha kwamba ulikuwa mkopo kwake, au malipo yaliyofanywa kwa niaba yake, na kwamba anatarajiwa kuurudisha. Na hilo ndilo jambo ambalo ndugu hawaandikiani. Nani atamwambia shemeji yake anayevuja damu, "Subiri kwanza tuandikishane"? Mila zetu zinaona aibu kumwandikisha mgonjwa deni. Tunaelewa. Lakini karatasi hiyo inaweza kuandikwa wiki moja baadaye, mgonjwa akiwa amekaa kitandani, na haimdhulumu yeye. Anayesomewa karatasi ile ni mwajiri.

Karatasi yenyewe haihitaji wakili. Dada wetu aliandika hivi, kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari: jina la mgonjwa na nambari ya kitambulisho chake, kwamba aliumia kazini tarehe fulani mahali fulani, kwamba fulani alimlipia kiasi hiki hospitali na kiasi hiki cha usafiri na dawa, na kwamba pesa hizo ni mkopo atakaourudisha. Mgonjwa akatia kidole gumba cha mkono mzima. Wakashuhudia watu wawili, mmoja wao mzee wa mtaa. Aliandika haya baada ya miezi minne, na bado ni bora kuliko kutoandika.

Michango ya harambee ina ugumu wake. Ikiwa majirani walichanga kama sadaka, hakuna anayedaiwa, na mwajiri mjanja anaweza kusema mfanyakazi hakutumia chochote. Sisi tunaona hoja hiyo ni ya kukosa haya, kwa sababu majirani hawakuchanga ili kumsaidia mwenye mashine. Lakini kwa kuwa kifungu kimekaa kama kilivyokaa, heri kamati ya mchango iandike tangu siku ya kwanza kwamba pesa ni za kumwezesha mgonjwa kulipia matibabu yake wakati madai yake kwa mwajiri yanasubiriwa, na kwamba zikirudi zitarudishwa kwa kamati.

Risiti, si bili

Bili inaonyesha unachodaiwa. Risiti inaonyesha ulicholipa. Mahakama za Kenya zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba gharama za aina hii lazima zitajwe moja moja na zithibitishwe kikamilifu. Hakimu hakadirii bei ya dawa kama anavyokadiria maumivu. Na hata pale jambo lisipofika mahakamani, kampuni ya bima ya mwajiri inafuata mwendo huo huo. Ukipeleka bili ya 48,400 na risiti ya 18,400, utahesabiwa 18,400.

Risiti nyingi za siku hizi zinatoka kwenye mashine ndogo, karatasi laini ambayo maandishi yake yanafifia. Baada ya miezi michache kwenye joto la Pwani inabaki nyeupe. Zipige picha siku hiyo hiyo. Hakikisha jina ni la mgonjwa, si la aliyelipa, na kama hospitali ina nambari ya mgonjwa, iwepo. Aliyelipa ataonekana kwenye ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe ukifutika au simu ikipotea, taarifa ya miamala inaweza kuombwa kupitia *334#. Vitu hivyo viwili vikikaa pamoja, risiti ya mgonjwa na muamala wa mlipaji, vyenye kiasi kimoja na tarehe moja, vinazungumza vyenyewe.

Dada wetu alikuwa na risiti ya 30,000 na ya 18,400. Ya dawa za nje alikuwa na kikaratasi cha duka la dawa kisicho na jina la mtu wala tarehe. Ya gari hakuwa na kitu, ila muamala wa 3,500 kwenda kwa dereva. Alirudi dukani, wakamwandikia upya kutoka kwenye kitabu chao. Dereva alimwandikia barua fupi. Kazi ya siku mbili kwa shilingi 7,750, na nauli juu yake.

Kuna pesa moja ambayo haitarudi popote. Mkopo wa chama una riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Miezi minne kwa 30,000 ni 12,000. Riba si matibabu, na hatuoni kifungu kitakachombeba. Chama kilikaa kikao na kumsamehe nusu.

Swali la karani: "Aliumia wapi?"

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF imeondoka na nafasi yake ikachukuliwa na SHA. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na mchango hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato yake na kutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima. Kwa kibarua wa siku, hapo kwenye mwaka mzima ndipo safari inapokatika, na wengi wamejiandikisha bila kulipa.

Lakini wapo waliolipa, na wapo wenye mke au mume aliyelipa. Wakifika hospitali na mkono uliovunjika, karani anauliza: aliumia wapi? Na hapa tunasikia hadithi moja kutoka kila upande. Nyapara aliyewasindikiza anamnong'oneza ndugu: semeni ameanguka nyumbani, SHA italipa, mambo yaishe.

Msikilizaji, tafadhali usikubali. Sentensi hiyo inaandikwa kwenye faili. Daktari anaandika kwamba mgonjwa ameeleza kuwa aliumia nyumbani. Miezi mitatu baadaye, mkono umekataa kupona, familia inataka fidia, na fomu ya kuarifu ajali ina sehemu inayojazwa na daktari. Daktari atafungua faili. Ataona "nyumbani". Kampuni ya bima itaona "nyumbani". Wema wa nyapara wa usiku mmoja umegeuka ushahidi dhidi yenu, na yeye mwenyewe wakati huo amehamia machimbo mengine.

Zaidi ya hapo, SHA ikilipa kwa ajali ya kazini, nayo imekuwa mlipaji wa tatu. Pesa zile ni za muuza mboga wa Mariakani na mvuvi wa Ngomeni waliochanga kwa ajili ya ugonjwa. Mwajiri aliyetakiwa na sheria kuwa na bima yake mwenyewe amepeleka gharama zake kwao. Hatuoni popote katika WIBA panaposema mwajiri anaondolewa wajibu kwa sababu mfanyakazi ana kadi ya afya. Kama SHA imeshalipa kwa sababu hali ilikuwa ya dharura, sawa, maisha kwanza. Ila ukweli wa mahali ajali ilipotokea uandikwe, na gharama ambazo SHA haikuzifikia zidaiwe kwa mwajiri.

Kwa nini ndugu wanalipa haraka hivyo, tunaulizwa, badala ya kumsubiri mwajiri? Kwa sababu wanaogopa mgonjwa asiachiliwe. Mahakama Kuu ilishaamua mwaka 2015, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa baada ya kujifungua, kwamba kumzuilia mgonjwa hospitalini kwa sababu ya deni ni kukiuka haki zake. Uamuzi upo. Mlango wa wadi nao upo, na mlinzi wake hakuisoma hukumu.

Wenzetu walivyoandika

Hili si fumbo lisilo na ufumbuzi. Afrika Kusini, katika sheria yao ya fidia ya mwaka 1993, waliandika kwamba zitalipwa gharama za kiasi za matibabu zilizotumiwa na mfanyakazi au kwa niaba yake, kwa muda usiozidi miaka miwili tangu ajali. Au kwa niaba yake. Maneno manne, na shemeji ameingia ndani ya sheria.

Isidhaniwe kwamba wao wamepumzika. Kule madaktari walilalamika kwamba mfuko wa serikali unachelewa kuwalipa, wakaanza kuuza ankara zao kwa kampuni zinazowapa pesa mapema na kisha kuufuata mfuko. Muswada wa mwaka 2020 ulijaribu kuuzuia mtindo huo, madaktari wakapinga wakisema wagonjwa wa kazini watakosa wa kuwatibu, na kipengele hicho kikaondolewa kabla ya sheria kupita. Mlipaji wa tatu kule ni biashara kubwa. Hata hivyo wote, mkubwa na mdogo, wanajua mlango wa kugonga.

Jirani zetu wa Tanzania nao walichagua mfuko mmoja. Sheria yao ilipitishwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015, waajiri wote wakichangia. Wasikilizaji wetu wa Lunga Lunga na Vanga wenye ndugu upande wa Tanga wanaijua habari hii. Kwetu Kenya kila mwajiri ana kampuni yake ya bima, au hana kabisa, na aliyelipa hospitali lazima kwanza ajue ni mlango upi.

Sisi tunadhani marekebisho yanayohitajika hapa hayahitaji tume wala ripoti nene. Bunge likiongeza kwenye kifungu cha 47 maneno "au na mtu mwingine kwa niaba yake", na likasema wazi kwamba aliyelipa anaweza kudai moja kwa moja, mwajiri hatakuwa na nafasi ya kusema "sikukuajiri wewe".

Mlango uliopo leo

Mpaka hapo, madai yanapitia kwa mfanyakazi mwenyewe. Dada hawezi kudai kwa jina lake, lakini shemeji yake anaweza kudai gharama zote, na karatasi ya mkopo ikaonyesha pesa zikirudi ni za nani.

Mwajiri aarifiwe ajali mapema. Taarifa inaweza kuwa ya mdomo au ya maandishi, na inaweza kutolewa na mtu mwingine kwa niaba ya aliyeumia. Angalieni: kwenye taarifa sheria ilikumbuka kuandika "kwa niaba", kwenye gharama ikasahau. Mwajiri akishapata taarifa ana siku saba za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na kama mtu amefariki, saa 24. Ofisi za idara hiyo ziko kwenye kaunti. Asipoarifu, nenda mwenyewe. Madai yenyewe yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, na yakishawasilishwa yanatakiwa kulipwa ndani ya siku 90.

Usikimbilie mahakamani kwanza, wala usimlipe mtu anayekuahidi kesi ya haraka. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Upeo ilithibitisha kwamba WIBA haikiuki katiba, pamoja na kifungu cha 16 kinachomzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake moja kwa moja kwa ajali ya kazini. Njia ni kwa Mkurugenzi. Usiporidhika na uamuzi wake una siku 60 za kupinga kwake yeye mwenyewe, naye ana siku 14 za kujibu, na baada ya jibu hilo una siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi.

Mwajiri akikuambia bima yake ina kikomo cha matibabu, kwamba kampuni imelipa mpaka hapa na basi, muulize kikomo hicho kimeandikwa wapi. Kitakuwa kimeandikwa kwenye mkataba kati yake na kampuni. Wewe hukuwepo walipotia saini.

Na asiye na bima kabisa? Machimbo mengi madogo ni ya hivyo: ardhi ni ya mmoja, mashine ni ya mwingine, mawe yananunuliwa na mwenye lori, na kila mmoja anamwonyesha kidole mwenzake. Wajibu hauondoki kwa kukosa bima. Anza na yule aliyekuwa akikulipa Jumamosi jioni, na uwe na muamala mmoja wa M-Pesa unaoonyesha alikulipa.

Dada wetu alipiga simu tena wiki iliyopita. Shemeji yake amewasilisha gharama zote kwa jina lake, 56,150, wakatoa zile 5,000 za pole kwa uaminifu wao ingawa hatujui kama walilazimika. Mwajiri amekubali zile mbili zenye risiti za hospitali. Za gari na dawa amezikataa, na barua ya kuzipinga imefika ofisi ya kaunti. Mbuzi mmoja kati ya watatu, alituambia, alikuwa na mimba.